Nilimdanganya Zuhura kuhusu sheria ya mchezo

Admin, naomba unifichie jina. Na majina ya wenzangu nimeyabadilisha. Nina miaka hamsini na tisa, mjane, naishi Kalangalala hapa Geita. Watoto wangu wawili wako mbali na wana maisha yao. Najua wengine mtacheka mkisikia kinachoniumiza ni mchezo tuliocheza tukiwa wanafunzi. Chekeni tu, ila mnisome mpaka mwisho.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa sekondari Shinyanga. Tulikuwa na mwalimu wa hesabu kutoka Ulaya, kijana wa kujitolea. Mkataba wake ulipoisha akaniachia boksi lenye kitabu cha Kiingereza na dadu za ajabu, moja ina pande ishirini. Alishatufundisha jinsi ya kucheza. Kila mtu anajitengenezea mtu wake kwenye karatasi. Unarusha dadu, unapata namba, halafu unaamua mwenyewe namba kubwa uiweke kwenye nguvu, kwenye akili au kwenye mbio. Msimulizi peke yake ndiye hana mtu wake. Yeye anashika kitabu cha sheria, na yeye ndiye fisi, majambazi na joka. Kwa kuwa Kiingereza nilikuwa nawazidi wenzangu, msimulizi nikawa mimi.

Wachezaji walikuwa wawili, Masanja, kijana wa darasani kwetu, na Zuhura. Zuhura alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa pale mjini, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Mguu wake mmoja ulidhoofika kwa ugonjwa wa utotoni, akawa anatembea kwa kuuvuta. Siku ya kutengeneza mtu wake alichagua mganga, halafu namba yake kubwa akaiweka kwenye mbio. Nikamwambia, "Zuhura, unaharibu. Mganga anataka akili, kitabu kinasema hivyo." Akanijibu bila hata kuinua macho, "Akili ninayo. Miguu ndiyo sina."

Tulicheza kila Jumamosi mchana kwenye darasa tupu. Baba yangu aliwahi kufanya kazi mgodini Geita kabla haujafungwa, kwa hiyo mapango ya kwenye kitabu niliyageuza mashimo ya dhahabu, na joka nikalilaza chini kabisa kwenye maji. Wenzangu walikuwa wanasahau kama wako darasani. Wanashikana mikono, wanapanga njama, wanacheka. Mimi niko ng'ambo ya dawati na kitabu changu. Kila walipoingia shimoni waliingia wawili. Nilianza kuona wivu, na sikuwa na mtu wa kumwambia, maana rafiki zangu walikuwa haohao.

Ikafika Jumamosi moja joka likaamka. Mganga wa Zuhura alikimbia akatoka nje salama, mbio alikuwa nazo. Mtu wa Masanja akabaki ndani. Zuhura akasema, "Narudi kumchukua." Akarudi, akamsukuma Masanja nje, joka likampiga yeye. Uhai wake ukaisha.

Masanja akasimama. "Subiri! Mimi nina chupa ya dawa. Siwezi kumnywesha?"

Nikafungua kitabu. Sheria ilikuwepo, naikumbuka mpaka leo: aliyeanguka anaweza kuokolewa na mwenzake aliye karibu, kabla zamu haijaisha. Niliisoma kwa sauti kwa Kiingereza, nikijua hawatashika maneno yote. Kisha nikatafsiri, "Hairuhusiwi. Akianguka amekufa."

"Una uhakika?" Masanja akauliza.

"Soma mwenyewe," nikamsogezea kitabu. Hakukichukua. Aliniamini.

Zuhura aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia kwenye daftari. "Basi. Kitabu kimeshasema." Akatoka taratibu. Nilisikia mguu wake ukiburuzika barazani mpaka sauti ikapotea. Jumamosi iliyofuata hakuja, alisema anamsaidia mama yake. Masanja alikuja mara mbili, naye akaacha. Nikabaki na boksi. Mchezo ule huwezi kucheza peke yako, nilijaribu.

Baada ya shule tulipotezana. Niliolewa, nikazaa, nikazika mume. Watu nimeishi nao wengi, ila rafiki wa kumfungulia moyo sikupata tena. Mwaka jana tuliosoma pamoja tukafungua kundi la WhatsApp. Nikasikia Masanja alishafariki. Jioni moja simu ikaita, sauti ikanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, msimulizi!" Alikuwa Zuhura. Yuko Kagongwa, anauza mchele, naye mjane. Tangu siku hiyo ananipigia kila Jumapili, tunaongea mpaka simu inachemka sikioni. Wiki nzima ninaishi kwa ajili ya saa ile moja.

Juzi akaniambia, "Unajua nilikuwa nataka kuomba uuguzi? Fomu nilikuwa nayo. Nikajisemea, hata kwenye karatasi nimeokoa mtu nikafa mimi, sembuse kwa mguu huu. Nikaichana." Alisema akicheka. Mimi nilishindwa kucheka. Nikasingizia mtandao, nikakata simu, nikakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni.

Sijui kama alikuwa anatania, au kweli mimi ndiye niliyemchania ile fomu. Nikisema ukweli naweza kumpoteza mtu pekee anayenipigia simu bila shida ya kuomba. Nikinyamaza, kila Jumapili nitakuwa namdanganya upya. Masanja hayupo, hakuna mwingine anayejua. Ninyi mnaosoma hapa, hasa mliowahi kumkosea rafiki naye hajui mpaka leo, ningekuwa dada yenu au mama yenu mngeniambiaje? Nimwambie Zuhura, au niende nalo kaburini?