Boti ya Kilwa Imefika

Habari ya kifo chake ilinikuta nimesimama, nanyi mniruhusu niandike safu hii vivyo hivyo, karatasi juu ya kabati la vyombo, maana nikikaa sana mgongo wangu hunigombeza. Amekufa kwa homa ya siku nne, mama aliyevuka ziwa kutoka Congo kama sisi, akapita kambi ya wakimbizi ya Kenani kama sisi, kisha akahamia hapa Nchelenge, upande wa Zambia. Kule kwetu alisomea kazi ya kuwafanyisha wagonjwa mazoezi. Huku karatasi zake hazikumfaa kitu, akawa anauza mihogo mbele ya nyumba, na sisi wenye maumivu yasiyoisha tukamfuata pale pale. Nimemjua miaka sita. Siwezi kusema tulikuwa marafiki, kwa sababu mara nyingi aliniudhi.

Neno mazoezi halikumtoka hata siku moja. Aliuliza kwanza kama daktari amekuona, nami daktari alishaniambia hakuna mfupa uliovunjika na kwamba maumivu haya huenda nikazeeka nayo. Nilikuwa nimelala karibu miaka miwili. Mke wangu alinikataza hata ndoo, majirani walipita na pole zao, kila mtu akisema pumzika, pumzika, nami nikapumzika mpaka miguu ikawa kama si yangu. Siku ya kwanza yule mama aliniambia, "Ba Mwalimu, enda kwa jirani uone kama ameanika mihogo, urudie uniambie." Nikamjibu kwamba kwa jirani panaonekana kutoka hapa tulipo. "Mimi sioni," akasema, na macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Nikaenda, nikarudi, nikamwambia ameanika. Baada ya wiki akanituma kanisani, halafu barabarani kwenye basi za Mansa, na mwezi wa nne akanituma ufukoni nikaone kama boti ya Kilwa, ile inayovuka ziwa letu, imefika. Njiani nilimlaani. Niliporudi nikamwambia inauma. "Jana iliuma?" Iliuma, nikasema. "Na ulikuwa umelala. Basi leo iume ukitembea. Kesho ikizidi, tutarudia kwa jirani. Jirani hahami."

Sasa niseme kosa langu, kwa kuwa limeninyima usingizi tangu Jumatatu habari ya kifo ilipofika. Kulikuwa na mama mmoja wa hapa hapa Zambia, muanika chisense, wale dagaa wetu wa ziwani, ambaye kiuno kilimtesa miaka mingi. Naye alikuwa akitumwa: kwa jirani, kanisani, barabarani. Siku moja tulimwona ufukoni akitembea polepole, mkono kiunoni, na Jumapili mimi, mimi ninayejua maumivu hayo, nikamsimamisha kanisani atoe ushuhuda. Alisitasita, akatoa. Tukapiga makofi, wamama wakapiga vigelegele. Kuanzia kesho yake hakuna aliyemtekea maji tena. Wakamrudisha kwenye kuanika samaki kutwa nzima, kwani si amepona? Mwili ulikuwa bado unamuuma, lakini mtu aliyekwisha kushuhudia mbele za Mungu atasemaje kwamba anaumwa? Akaendelea kubeba, na wiki ya pili akaanguka mkekani, asitoke kwa miezi mingi.

Mama wa mihogo alikuja kwangu amekasirika hata salamu akaisahau. "Nani alikutuma umusimamishe mbele ya batu?" Nikasema tulikusudia mema. "Mulitaka kufurahi," akasema. "Nyinyi munapenda mutu mugonjwa alale ao apone. Ule wa katikati hamumujui." Nimelizungusha neno hilo kichwani muda wote huu, na bado linanichoma. Tunamhurumia aliyelala na kumshangilia aliyepona, ila yule anayeamka na maumivu yake, akatembea nayo hadi barabarani na kurudi, tunamtazama kwa jicho la shaka. Akionekana sokoni tunasema kumbe alikuwa anajidai. Ndiyo maana wengi huchagua kulala, maana mkekani angalau mtu anaaminiwa. Nimelala hivyo, najua ninachosema.

Kwenye matanga nilikaa kwenye kiti tangu asubuhi, pamoja na wanaume wengine. Kwetu msibani mtu hainuki akarandaranda. Kufikia alasiri miguu iliwaka moto, na hofu nayo ikanipanda, hofu ya kweli: nani atanituma sasa? Najijua. Bila mtu wa kumrudishia jibu, mwezi hautaisha kabla sijarudi kitandani. Ndipo yule muanika chisense, aliyechukua karibu mwaka kuanza upya safari zake tangu kwa jirani, akatoka upande wa wamama, akapita mbele ya wanaume wote, mkono kiunoni, akasimama mbele yangu.

"Ba Mwalimu mukwai," akasema kwa heshima ya lugha yao, "boti ya Kilwa imefika?"

Nikasema sijui.

"Basi twende tuone."

Mzee mmoja wa kanisa akauliza kwa ukali, munaenda wapi na maiti ingali ndani? Yule mama hakugeuka hata kumtazama. "Ametutuma," akasema.

Tukaenda. Tulipumzika mara mbili njiani, na mara ya pili nililia, na sikujificha. Boti ilikuwa imefika, wanashusha magunia. Tukarudi, na mlangoni nikajikuta natafuta mtu wa kumwambia, asiwepo. Basi nawaambia ninyi: imefika. Kama nyumbani kwenu yupo mtu wa maumivu, msimwambie pumzika halafu mkaondoka, wala msimpigie vigelegele. Mtumeni mahali pa karibu, kisha mumsubiri arudi awaambie alichoona, na akisema inauma mumwamini. Mimi nimemtuma muanika chisense kesho akaangalie boti. Akichelewa kurudi, itabidi nimfuate.