Sanduku la Mama Mkwe

Enzi zetu sinema ilikuwa na pande mbili, mbele na nyuma. Mama akinisikia nasema "enzi zetu" anaweka mwiko chini kabisa anicheke. "Enzi zenu zipi, Zuhura? Juzi tu nilikuwa nakufuta kamasi." Sawa. Lakini nimeshamaliza fomu foo, nakaa hapa Bagamoyo nasubiri majibu, miguu inaniwasha, na kila siku nikiamka naona kitu kingine tulichokuwa nacho hakipo. Basi na mie nina enzi zangu. Waliokuwa watoto pamoja na mie watanielewa. Wadogo zetu hawa wa suruali pana chini, wanaofagia barabara bila mshahara, wasisome kama hawataki.

Nakumbuka gari la sinema. Lilikuja mara mojamoja kutoka Dar, mchana likapita mitaani linatangaza kwa bomba la sauti, na vumbi lake tulikuwa tunalikimbilia kama pipi. Siku hiyo chuoni hakusomeki. Mwalimu wetu wa Kurani akituona tunatikisa miguu juu ya mkeka alisema, "Leo shetani kaja na magurudumu," halafu fimbo yake ya henzirani ikafanya kazi yake. Jioni kombolela haichezeki, kila aliyejificha anatoka mwenyewe kuuliza kama jua limeshazama. Nyumbani nilikula wima, wali na samaki wa kukaanga, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine umeshashika kanga ya kujitanda. Mama alikuwa na neno lake: "Kaa chini ule, chakula hakina miguu."

Baada ya isha, uwanjani karibu na soko, kitambaa cheupe kilikuwa kimeshafungwa kwenye nguzo mbili. Wanaume na wavulana walikaa mbele, upande wa gari. Sie wanawake na wasichana tulikaa nyuma ya kitambaa. Hakuna aliyetupanga, ilikuwa hivyo tu, kama harusini. Picha tuliiona vilevile, ila imegeuka. Kwetu kila mtu alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto na maandishi yalisomeka kinyumenyume, lakini nani alikuwa anasoma? Tukirudi nyumbani naanza kugombana na kaka yangu Shabani, aliyekuwa mbele. Yeye anasema treni ilikwenda kulia, mie nasema ilikwenda kushoto, mpaka bibi yetu anapiga ukuta: "Imekwenda! Imekwenda, laleni!"

Filamu tulizozipenda kuliko zote ni zile za kuchekesha za mzungu mmoja mwenye shingo ndefu na kofia inayomwangukia machoni. Jina lake la kweli silijui hadi leo. Tulimwita Bwana Fyongo, kwa sababu alichokigusa kilikwenda fyongo. Zilikuwa filamu tano, na kila moja tuliibatiza wenyewe. Fyongo Hotelini, ambamo suruali yake inapotea na haonekani nayo tena. Fyongo Jeshini, anaangukia kwenye sufuria la uji wa askari. Fyongo na Punda. Fyongo Mganga wa Meno. Na Sanduku la Mkwe, ambamo anataka kumpakia mama mkwe wake kwenye treni aende kwao, na mama mkwe kakalia sanduku lake stesheni, haondoki.

Sasa, bomba la sauti lilikuwa limeelekezwa mbele. Huko mbele dereva alishika kipaza sauti akawaeleza wanaume maneno ya Kizungu. Sie nyuma tulisikia mvumo wa jenereta tu. Lakini tulikuwa na Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa muuza vitumbua. Siku za sinema alihamishia biashara yake huko nyuma, akawasha mkaa, na huku anageuza vitumbua anatueleza filamu. Harufu ya hiliki na tui ikichanganyika na moshi mpaka leo inanifanya nitake kucheka kabla sijajua nacheka nini. Kwa wanaume wa mbele mama mkwe wa Fyongo alikuwa adui. Kwa Bi Tatu yeye ndiye aliyekuwa mwenye filamu. "Huyu mama kalea binti kwa taabu," anasema, "kaja kijana wa shingo, kamchukua, sasa anataka kumtupa mkwewe kama ganda la mua. Haondoki mtu hapa." Wanawake wanaitikia, "Haondoki!"

Bibi yangu, Bi Mwanahawa, alikuwa shoga wa Bi Tatu na mgomvi wake pia. Alikuwa mtu wa tambuu, na kijaluba chake, kile kikopo cha kuiwekea, kilikuwa hakikai mahali. Asubuhi nzima nyumba inapekuliwa. "Nani kachukua kijaluba changu?" Kila mtu alishashukiwa, hadi mwalimu wa chuoni. Bi Tatu ndiye aliyekuwa anashukiwa zaidi.

Bibi alifariki nikiwa fomu tuu. Kitu ninachokikumbuka zaidi kwake ni usiku wa Sanduku la Mkwe. Sanduku lilifunguka mwishoni, vikatoka vitu chungu nzima, na bibi akacheka mpaka akaniegemea, akajifuta machozi kwa pindo la kanga yake. Uzito wa bega lake ninao hapa mpaka sasa. Alicheka nini hasa, hicho nimesahau.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani Shabani alipokuja likizo mwezi uliopita.

Shabani siku hizi ni utingo wa gari hilohilo la sinema. Anavaa miwani myeusi mpaka chooni. Akatuambia Jumamosi ijayo gari linakuja Bagamoyo na filamu ya kuchemsha maji ya kunywa, na baada ya hiyo dereva amekubali kuonyesha filamu moja ya zamani ya Fyongo. Moja tu. Mikanda imechakaa, wanataka kuitupa yote. "Nichagulieni," akasema.

Tukakaa barazani kupanga ipi ya kwanza na ipi ya mwisho. Mie, Shabani, rafiki yake Mussa mwenye duka la baiskeli, na vijana wa mtaani waliokuja kwa ajili ya korosho. Tuliweka vifuu vitano chini, kila kifuu filamu yake, na kila mtu akawa anaweka korosho kwenye ile anayoitaka. Jeshini kikajaa. Hotelini kikafuata. Punda kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka tulipogundua Mussa anatafuna kura za wenzake.

"Mussa, hiyo ilikuwa kura yangu."

"Kura gani imekaangwa na chumvi?"

Sanduku la Mkwe kilikuwa na korosho moja. Yangu.

"Ile si filamu," Shabani akasema. "Mtu kakalia sanduku, treni inakuja, treni inaondoka. Tulikuwa tunalala."

"Mwisho je? Sanduku linapofunguka?"

Akavua miwani. "Linafunguka wapi?"

"Mwishoni. Linatoka jogoo, kinu, sijui nini."

"Zuhura, mie nimeibeba mikanda ile kwa mabega yangu. Sanduku halifunguki. Treni inaondoka na Fyongo, mama mkwe anabaki, basi. Mussa, linafunguka?"

"Halifunguki," Mussa akasema, mdomo umejaa. "Nyie huko nyuma mlikuwa mnaona kivuli cha sinema."

Wakacheka. Niliingia ndani nikakaa kwenye kitanda cha bibi, ambacho sasa kinawekewa nguo za kupiga pasi. Kama sanduku halikufunguka, bibi alicheka nini? Na kama hakucheka, lile bega lililoniegemea nimelitoa wapi? Mtu akikwambia umekosea hesabu unarudia hesabu. Hili ningelirudia vipi?

Sikuweza kungoja Jumamosi. Asubuhi nikachukua baiskeli kwa Mussa, malipo ya ile kura aliyoila, nikaenda Kaole. Bi Tatu amehamia huko kwa mwanawe, kwa sababu macho yamepungua. Nilimkuta uani anapembua mchele kwa vidole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani huyo anayehema kama punda wa chokaa?"

"Zuhura, mjukuu wa Bi Mwanahawa."

"Ah. Kaa. Kijaluba chake mkikitafuta hapa hakipo."

Sikukaa. Nikamuuliza palepale, nimeshika baiskeli: lile sanduku la mkwe wa Fyongo, lilifunguka au halikufunguka?

"Nitajuaje?" akasema. "Nilikuwa nimeipa mgongo."

"Umeipa mgongo nini?"

"Sinema. Ningewauzia vitumbua nikiwa nimewageuzia kisogo? Nilikuwa nawatazama nyie. Mama kakalia sanduku, mnalitaja wenyewe; mkishtuka nasema kaanguka. Mkicheka naongeza."

Nadhani nilikaa wakati huo, chini kabisa, kwenye mchanga. Miaka yote nimebishana na Shabani kuhusu filamu ambayo msimulizi wake hakuiona. Bi Tatu aliendelea na mchele wake. Mwishowe nikamwomba aje Jumamosi, nimpakie kwenye baiskeli.

"Kufanya nini? Macho yenyewe haya."

"Si ulikuwa hutazami?"

Akacheka kidogo. "Mwambie mama yako akoroge unga wa mchele," akasema.

Jumamosi gari likaja, na Shabani akashuka amenuna. Mkanda wa Jeshini umekatika vipande, wa Hotelini umeshikana kama kashata, ya Punda na Meno haiingii hata kwenye mashine. Zilionyeshwa mno. Mkanda uliokuwa mzima ni mmoja, ule ambao hakuna mji uliowahi kuuomba urudiwe. Mussa akalalamika kwa niaba ya korosho zote.

Nilikaa mbele. Nilitaka kuona kwa macho yangu, na upande huo huo wa kaka yangu, asije akasema kivuli. Ile ya kuchemsha maji ikapita, watoto wakipigana mateke. Ikaja Sanduku la Mkwe. Wallahi, Shabani alisema kweli. Mwanamke kakaa juu ya sanduku. Treni inakuja, Fyongo anavuta, anasukuma, anateleza, treni inaondoka. Inakuja nyingine. Vijana wa suruali pana walianza kupiga miruzi, mmoja akasema hata yeye angeweza kutengeneza filamu hii. Mie niliona aibu, kama nimewaalika watu kwenye pilau nikawapa uji.

Nyuma ya kitambaa walikuwa wanacheka. Sauti ya Bi Tatu ilikuja vipandevipande kati ya mvumo wa jenereta, halafu kicheko, halafu "Haondoki!" la wanawake. Niling'ang'ania kukaa. Macho kwenye sanduku.

Treni ya mwisho ikaja. Fyongo akaingia ndani kwa bahati mbaya, mlango ukafungwa, treni ikamchukua. Mama mkwe akabaki juu ya sanduku, akapanga gauni lake. Mwisho. Mkanda ukaisha, kitambaa kikawa cheupe kitupu, na Shabani akanitazama kutoka kwenye gari. Mbele watu wakanyanyuka, wakakung'uta mchanga, wakaanza kuondoka kama tulivyokuwa tukiwaona wakiondoka zamani.

Nyuma hakuna aliyenyanyuka.

Nilizunguka nguzo mbio. Wamekaa palepale, mama yangu katikati, wote wanamtazama Bi Tatu, na yeye kakipa mgongo kitambaa kile cheupe, mwiko mkononi, mwanga umemzunguka kichwani.

"Sasa mkwe mwenyewe kaondoka," anasema, "tutazame mama kabeba nini. Jogoo huyu hapa, mzima. Kinu. Mchi wake. Na hii suruali, si ndiyo ile aliyokuwa anaitafuta hotelini?" Wanawake hoi. "Ngojeni, chini kabisa kuna kitu kinalialia." Akainama, akachomoa hewa kwenye hewa, akaikung'uta. "Kijaluba cha Mwanahawa! Kumbe mwizi ni huyu mzungu, na mie nasingiziwa kila asubuhi ya Mungu."

Nikasikia uzito wa bega la bibi. Nilicheka mpaka nikamwegemea mama, na mama naye alikuwa ananiegemea, sijui nani alikuwa anamshikilia mwenzake. Nilijifuta kwa pindo la kanga.

Dereva akapiga honi, anataka kufunga mashine. Taa ya mashine haikuzimwa. Shabani alikuwa amekuja mpaka kwenye nguzo, miwani mkononi, nusu huku nusu kule.

"Limefunguka?" akaniuliza.

"Limefunguka."

Akarudi kwenye gari na nikamsikia akimwambia dereva angoje kidogo, kuna wateja bado.

Gari limeshaondoka, na mikanda sijui imetupwa wapi. Juzi Shabani alinipeleka Dar, kwenye jumba la sinema la kulipia, lenye viti vya kukunjika na feni. Sauti inafika hadi kwenye meno. Nilicheka kwa nguvu, kijana wa mbele yangu akageuka akasema "shii". Filamu ilipoisha wote wakanyanyuka. Mie nilikwenda hadi kwenye kitambaa chao, nikachungulia pembeni kuona nyuma kuna nani. Kulikuwa na ukuta.