Lilian na dawa ya kutuliza tumbo la uzazi

Mnisamehe nimekaa wiki nyingi bila kuandika. Kila nikiingia cyber nikianza na jina la Lilian, kichwa inakataa kwamba ameenda.

Wengi mlimjua kama jirani yangu hapa Bondeni. Kazi yake hamkuijua. Alikuwa technician kwa lab, na walikuwa wanatafuta dawa ya kuzuia wamama kuzaa kabla ya wakati.

Asubuhi alipitia slaughterhouse kuchukua mfuko wa uzazi wa mbuzi. Siku moja mama wa mboga akamuuliza, "Na hiyo utapika na nini?" Akajibu, "Na chumvi, mathe."

Hakudanganya. Huko lab alikata kipande, akakining'iniza ndani ya maji ya chumvi yenye joto la mwili. Akiweka tone la prostaglandini, ile kemikali ya mwili inayoleta uchungu wa kuzaa, kipande kinajikunja. Akitanguliza dawa yao, kinatulia.

Nikamuuliza inafanyaje. "Mama Brian, ni kama choo ya ploti, ile moja ya wapangaji wote. Dawa imeingia ikafunga mlango. Prostaglandini inagonga tu huko nje." Nilicheka nikamwaga uji.

Januari hii, fujo za uchaguzi zimefunga barabara, moshi kila upande, uchungu ukamshika yeye mwenyewe. Mimba ilikuwa ya miezi saba.

Nikamwambia, "Si dawa iko kwa lab? Tutume mtu."

Alikuwa amejikunja kwa sakafu yangu. "Hiyo imejaribiwa kwa nyama ya mbuzi tu. Hatujui itamfanya mtoto nini. Na nikishazaa, tumbo ikikataa kujikaza, damu haitasimama."

Nikasisitiza.

"Mama Brian. Nimesema hapana."

Tulimsukuma kwa mkokoteni hadi hospitali. Msichana alizaliwa akipumua. Damu ya Lilian haikusimama, hata bila hiyo dawa.

Mama yake amezeeka, ameniomba nikae na mtoto. Nanyonyesha wangu pia, na maziwa yangu haitoshi wawili.

Lilian, pumzika sasa. Huyu niko naye.

Mlioniuliza mtume nini: maziwa ya mkebe ya mtoto mchanga. Kofia za sufu, ndogo kabisa. Nepi za kitambaa. Blanketi tunayo. Na nguo za mtoto wa mwaka mmoja. Kuna wenye wameniambia nisiitishe hizo, ningoje kwanza nione. Tumeni.