Kadi ya Kliniki Ndani ya Faili la Kanisa

Tangazo lilisomwa redioni saa saba mchana, katikati ya matangazo mengine ya vifo, wakati sisi walimu tulikuwa tunakula muthokoi wetu wa kila siku, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Jina lake lilitajwa mara mbili, kisha kijiji chake kule nje ya Migwani, kisha yale maneno ya kawaida kwamba aliugua kwa muda mrefu. Mwalimu mwenzangu aliweka kijiko chini. "Si huyu ni yule mama wa ushuhuda? Yule aliponywa mdomo?" Nikamwambia ndiye. "Aiya! Basi alirudia ugoro." Hakuwa anauliza. Alisema kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani. Nilitaka kumjibu pale pale nikashindwa, kwa sababu maneno hayo ndiyo mama yule aliyoyaogopa kuliko kisu cha daktari, na mimi ni mmoja wa waliomfundisha kuyaogopa. Wasomaji wangu mmezoea kunikuta hapa nikiwaeleza habari za mbegu za mvua fupi na jinsi ya kumsaidia mtoto hesabu. Leo nivumilieni. Jibu nililolikosa mezani nitaliandika hapa.

Nilimfahamu kwanza kama muuza ugoro. Kabla ya ile njaa ya mwaka wa themanini na nne, kila siku ya soko Migwani alikaa mahali pamoja, karibu na wauza kamba, na kopo lake la bati na kijiko kidogo. Tumbaku aliisaga mwenyewe nyumbani kwa jiwe, akiichanganya na magadi, na biashara hiyo ina desturi yake: muuzaji asiyeonja ugoro wake haaminiki. Mteja akifika, mama alichota kidogo, akaubana kati ya shavu la kushoto na ufizi, akatulia, kisha akasema, "Huu utakutoa machozi, mzee," na mzee akatoa kopo lake. Fikiria ni mara ngapi kwa siku, na kwa miaka mingapi, na kila mara upande ule ule. Tulipita pale bila kuona lolote la ajabu. Alionja kama mpishi anavyoonja chumvi.

Baadaye aliokoka, katika mikutano iliyofanywa hapa kwetu, na kwa kuwa kanisa letu halichezi na tumbaku, aliumwaga ugoro wote shimoni mbele ya watu na kopo akalitoboa kwa msumari. Akaanza kuuza ndengu. Lakini mdomo ulikuwa umeshaanza mambo yake. Kwanza kulikuwa na doa jeupe lisilofutika, halafu kidonda kisichouma, halafu kidonda kinachouma. Mhudumu wa afya mjini Kitui alikitazama mara moja akampeleka Nairobi, na kule wakakata sehemu ya ufizi na ya shavu, kisha wakampiga mionzi kwa majuma kadhaa. Alirudi amekonda, shavu la kushoto limebonyea, lakini kidonda kimefunga kabisa. Daktari alimpa kadi yenye tarehe za kurudi kukaguliwa: kila miezi mitatu, halafu kila miezi sita, kwa miaka mingi.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nilikuwa katibu wa kanisa, na nadhani bado ni mimi kwa sababu hakuna mwingine anayetaka kuandika barua. Jumapili aliyosimama kutoa ushuhuda, kanisa lilitetemeka. Alikuwa na kipaji cha soko. Hakusema tu kwamba amepona, alifungua mdomo akawaita watu: "Njooni muone wenyewe!" Wakapanga mstari. Mzee mmoja alikuja na tochi, akainama, akageuza kichwa huku na huku mpaka mama akachoka. "Mzee, unanunua mbuzi?" akamuuliza. "Haya, hesabu meno basi, uwaambie mimi ni wa umri gani!" Kanisa lote likacheka, na mzee akaapa kwamba hata mbuzi wa sokoni hajapata kumwangalia hivyo. Baada ya Jumapili ile makanisa mengine yakaanza kumwomba. Matinyani walimtaka, kisha Ikutha, kisha upande wa Makueni. Nikaandika barua za kumtambulisha, nikafungua faili, na ili watu waamini, nikamwomba ile kadi ya kliniki. Ilikuwa na jina lake, jina la ugonjwa, saratani ya mdomo, na muhuri wa hospitali. Niliitoboa matundu mawili nikaifunga ndani ya faili la kanisa kama ushahidi.

Tarehe za kurudi zilikuwa kwenye kadi ile ile. Niliziona. Naandika hivyo ili msifikirie kwamba ni jambo lililonipita. Mara mbili za kwanza alikuja kuichukua, akaenda Nairobi, akairudisha. Mara ya tatu mzee mmoja wa kanisa alimwambia, mbele yangu, "Mama, unaambia watu Mungu amemaliza, halafu unaenda kuuliza daktari kama amemaliza?" Mama aliniangalia. Nami, mwalimu, mtu ninayewaambia watoto kila siku kwamba jibu lazima lihakikiwe, nilifunga faili nikasema tuondoke, tumechelewa. Hakuja tena kuomba kadi.

Miaka minne ilipita hivyo. Sasa nieleze jambo ambalo sikulijua wakati huo, na ambalo wengi wetu hatulijui. Ugonjwa huu ukishatibiwa, unaweza kubaki kama mbegu moja iliyosahaulika shambani. Huioni. Tarehe zile za kadi hazipo kwa sababu daktari ana shaka na kazi yake au na Mungu wa mtu. Zipo kwa sababu mbegu hiyo ikiota na ikaonwa ikiwa ndogo, inaweza kung'olewa. Kurudi kwa ugonjwa si adhabu. Mtu anaweza kuacha tumbaku siku ile ile aliyosema ameacha, asiiguse tena hata kwa kidole, na ugonjwa ukarudi.

Mwaka jana mwezi wa Julai nilimpelekea habari kwamba akina mama wa Makueni wana mkutano mkubwa mwezi wa Agosti na wanamtaka. Nilimkuta anapepeta ndengu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, kuna kitu huku ndani." Akagusa shavu. "Tangu mwezi wa tatu. Nilifikiri ni jino. Mtu wa meno wa sokoni akaling'oa, lakini shimo limekataa kufunga." Nikamuuliza kama amewaambia watu wa nyumbani. "Niseme nini? Si watasema nimerudia ugoro? Wataninusa mikono!" Alicheka kidogo, akaacha kwa sababu kucheka kuliuma. "Na wale wote waliookoka kwa ushuhuda wangu, nitawaambia wafanye nini sasa?"

Nilimwambia hivi, na sitayapamba maneno yangu: "Mama, barua imeshakwenda. Tuombe. Baada ya mkutano tutaona." Mdomo ulikuwa wake. Barua ilikuwa yangu, na niliichagua barua.

Tulikwenda Makueni kwa basi. Alisimama mbele ya akina mama wale akiwa ameshika kitambaa, akatoa ushuhuda wote, wa kopo la bati na wa msumari, kwa sauti iliyokuwa inateleza kwenye maneno mengine kama mtu aliye na chakula mdomoni. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama, tuonyeshe! Tuone!" Walikuwa wamesikia sifa zake. Akasema, "Leo nimefunga duka, kina mama." Wakacheka sana, wakapiga makofi, na mimi nilipiga nao. Alipokaa chini karibu nami, kitambaa kilikuwa na damu.

Tulifika Nairobi mwezi wa Oktoba. Nilikuwa nimeichomoa kadi kutoka kwenye faili, imeshika kutu ya chuma pale kwenye matundu. Muuguzi aliigeuza akaona visanduku vitupu vya tarehe. "Hii kadi ilikuwa wapi muda huu wote?" akauliza. Mama alisema, "Kanisani." Muuguzi alidhani hajasikia vizuri, akauliza tena, na mama akasema vile vile. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimgusa shingoni chini ya taya, akatueleza polepole, nami namshukuru kwa kutueleza. Kingekuwa kidogo, alisema, angekikata tena. Sasa kimeshika mfupa wa taya na kimeshuka shingoni. Mionzi nayo haiwezi kurudiwa mahali pale pale kwa kipimo kile kile, kwa sababu nyama iliyopigwa mara moja haisahau, na ikipigwa tena inaweza kufa. Mama alisema, "Kata tu, mwanangu. Kata hata uso wote, ubakishe macho." Daktari aliangalia meza. "Mama, kama kukata kungesaidia, ningekata leo."

Mtu akiambiwa hivyo haendi nyumbani kulala. Tulianza kuzunguka. Tulikwenda hospitali nyingine, wakatuambia yale yale kwa maneno machache zaidi. Tulikwenda kwa mtu mmoja kwenye mji wa barabara ya Mombasa aliyekuwa na unga mwekundu wa kupaka, akaapa kwamba unakausha kila kitu, na ulichokausha ni ulimi, mama asiweze hata kumeza uji kwa siku nne. Tulikwenda Ikutha kwa mganga mzee wa miti shamba, kwa siri, sisi watu wa kanisa, nikiwa nimevua tai yangu garini. Mzee yule aliangalia mdomo, akaosha mikono, akasema, "Mwaitu, mama yangu, huu siujui. Nikikupa mti nitakuwa ninakudanganya." Ni mganga peke yake katika safari ile yote aliyetupa maji ya kunywa na asitupe tumaini. Nilikasirika naye njia nzima. Mama hakukasirika. Alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, akasema kitu ambacho ilibidi akirudie mara tatu ndipo nikakielewa: "Mimi nimechoka kuficha kuliko kuugua."

Akaniomba nimwandikie. Kwa asubuhi tatu nilikaa jikoni kwake, yeye akisema neno moja moja na binti yake akinisaidia kusikia. Nilipompelekea mchungaji karatasi ile, aliisoma mara mbili. "Mwalimu, hii itavunja watu moyo." Nikamwambia, "Mchungaji, anayeumwa amesema isomwe." Akanirudishia karatasi. "Basi soma wewe. Wewe ndiye ulimpeleka kila mahali." Alikuwa amesema kweli.

Jumapili hiyo mama aliketi mbele, kitambaa usoni, nami nikasoma: "Nilipona, sikuwadanganya. Sasa umerudi, na hili nalo si uongo. Ugoro sijagusa tangu siku mliyoniona nikiumwaga. Niliona haya kuwaambia, nikakaa na kidonda miezi saba, na hiyo miezi saba ndiyo imeniua. Aliye na kidonda mdomoni asikae nacho. Msimsingizie Mungu, na msinisingizie mimi." Hakuna aliyesema amina. Mtoto fulani alilia akatolewa nje. Yule mzee aliyemzuia kwenda kliniki aliinama, akaendelea kuinama mpaka ibada ikaisha, na sijui alikuwa anaomba au anajificha. Mama hakugeuka kumtazama mtu yeyote.

Baadaye, nilipokuwa nakusanya vitabu vya nyimbo, fundi cherehani mmoja kutoka Matinyani, mgeni tu aliyekuja kwa dada yake, alinivuta nyuma ya jengo. "Mwalimu, usikaribie sana, kinanuka," akasema, akafungua mdomo. Alikuwa na kidonda chini ya ulimi, kikubwa kama punje ya maharagwe. Nikamuuliza tangu lini. "Tangu tuanze kupanda. Mimi ni shemasi, mwalimu. Nilivuta sigara zamani. Nilijua watasema." Jumatatu yake alipanda basi la Nairobi na mama ndiye aliyemwambia, kwa vidole, aulizie mlango gani. Wamemkata. Bado anakwenda kukaguliwa, na hakuna mtu, hata daktari, anayeweza kuniahidi kwamba hautarudi. Kadi yake anakaa nayo mwenyewe, mfukoni mwa shati.

Mama hakupata nafuu. Miezi yake ya mwisho ilikuwa mibaya, na sitaisimulia, isipokuwa niseme kwamba maumivu hayo yana vidonge vyake, kwamba si dhambi kuviomba kabla mtu hajaanza kupiga kelele, na kwamba vilichelewa kufika nyumbani kwake kwa sababu wengi wetu tulifikiri kuviomba ni kukata tamaa. Kama una mgonjwa nyumbani, viulizie leo.

Kwa mwenzangu wa mezani, na kwa makatibu wenzangu wa makanisa yote kutoka hapa mpaka Makueni, nimefikia hapa. Tunajua kumpokea mtu aliyepona. Tuna nyimbo za siku hiyo, tuna makofi, tuna faili. Kwa mtu ambaye ugonjwa umemrudia hatuna hata kiti, na kwa sababu hiyo anakaa nao peke yake mpaka kusema hakusaidii tena. Kidonda cha mdomo kisichopona baada ya wiki mbili tatu, kiwe kinauma au hakiumi, kionyeshe hospitalini. Uliyetibiwa, nenda tarehe yako ikifika hata kama unajisikia mzima kabisa. Na siku mtu atakapokuambia kwa sauti ya chini kwamba ugonjwa umerudi, usimuulize alifanya nini. Muulize kliniki ni lini, kisha vaa viatu uende naye.