Neema Ndani ya Kioo

Usiku ule nililala mapema, nikiwa na hasira. Mchana nilikuwa nimewapeleka wanangu, Neema wa miaka sita na Baraka wa minne, kwenye makumbusho ya sanaa mjini. Mzazi gani mwingine mtaani kwetu angewaza hilo? Mimi nimekaa ng'ambo miaka tisa, nimeosha vyombo vya watu hadi nikapata stashahada yangu bila msaada wa mjomba wala shangazi, na makumbusho ya huko nimeyatembea mpaka walinzi wakanizoea. Nilitaka wanangu nao wajue kutazama kwa utulivu. Neema akafika kwenye chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, akakigonga kwa kidole, ko, ko, kama wanunuzi wafanyavyo sokoni kusikiliza kama kina ufa. Nikamchapa mkono mbele ya wageni.

"Mshamba wewe!"

Hakulia. Ila tulipovuka barabara alikataa kunishika mkono, na jioni hakula.

Usingizini nikajikuta mle mle ndani ya makumbusho. Sakafu ina maji. Bibi yangu mzaa baba, mfinyanzi wa Kikisi aliyefariki nikiwa ng'ambo, amekaa chini anafinyanga, udongo umempanda hadi viwikoni.

"Mume wangu, umenenepa," anasema bila kuinua uso. "Huko Ulaya walikuwa wanakulisha nini?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Nageuka. Neema yumo ndani ya kabati la kioo, katikati ya vyungu, chini yake kibao: USIGUSE. Midomo yake inacheza, sauti haitoki. Mlinzi asiye na uso amesimama mbele yangu. Natoa stashahada kifuani, naipunga.

"Mimi nimesoma! Nifungulie!"

Bibi anacheka kile kicheko chake cha sokoni. "Karatasi hiyo inachota maji?"

Kioo hakipo tena. Tuko ufukweni kwa Bibi, Ziwa Nyasa limetulia, wanawake wanapanga kuni kuzunguka vyungu vibichi. Neema amekaa kati ya vyungu hivyo, naye ni wa udongo. Bibi analowesha kidole gumba, anampitishia mgongoni polepole, kama alivyokagua kila chungu kabla ya kukichoma. Kidole kinasimama.

"Ana ufa."

"Nilikuwa namfundisha adabu, Bibi."

"Wewe uligonga vyungu vyangu, ukavunja viwili. Nani alikuchapa?"

Hakuna aliyenichapa. Bibi mwenyewe aliniambia niendelee kugonga, nisikilize vizuri.

Mwanamke mmoja anakuja na kijinga cha moto. Nataka kumzuia, miguu imezama mchangani.

"Ufa wa udongo mbichi huzibwa," Bibi anasema, sasa hatanii. "Ukishapita motoni, hata mimi siuwezi. Kamwombe radhi. Wewe, kwa mdomo wako. Leo."

Nikazinduka, shati limelowa. Kulikuwa kumepambazuka. Katika maisha yangu nilikuwa sijamwomba mtu radhi, hata mabosi wa ng'ambo walionionea walinikuta kichwa juu. Nikaenda chumbani kwa watoto. Baraka alikuwa anakoroma. Neema alikuwa macho, ananitazama.

"Mama," nikamwambia, "jana nilikukosea. Nisamehe."

Akasogea hadi ukutani. Sikujua kama ananikimbia au ananipisha nikae. Nikapiga magoti pale pale sakafuni, nikasubiri aseme.