Fundi Mizani Aliyejigeuza Jiwe

Saa mbili asubuhi, mizani saba ndogo zimekwishapangwa juu ya meza. Ya nane, kubwa, ya kupimia magunia, iko sakafuni imefunguliwa matumbo. Fundi anaipuliza vumbi, anakaza skrubu moja, anaweka jiwe la shaba la kupimia uzito juu ya sahani, kisha anainama kuutazama mshale.

“Inadanganya,” anasema. “Kidogo tu, lakini mwongo ni mwongo.”

Jina lake sokoni ni Gramu. Alibatizwa na muuza nyama mmoja miaka kumi na miwili iliyopita, baada ya kukataa kumrudishia mizani mpaka gramu mbili zilizopotea zipatikane. Tangu hapo jina limemganda, na hata mkewe humwita hivyo siku akiwa amenuna.

Gramu alikubali kusimulia kila kitu kwa sharti moja. “Kilo zangu usiandike,” alisema. “Za wakati ule wala za sasa. Kuna mtu atazisoma aanze kujilinganisha.”

Kwa hiyo makala haya, yanayomhusu mtu anayeishi kwa namba, yatakuwa na namba chache. Mhariri atanisamehe.

Ugonjwa wake ulianzia kazini, na ulianza kwa ujanja wa kukwepa mzigo. Mizani ya magunia hujaribiwa kwa mawe ya chuma, na kuyabeba mawe hayo kutoka duka hadi duka ni adhabu. Gramu akabuni njia ya mkato. Kila asubuhi alijipima kwenye mizani anayoiamini kuliko zote, akaiweka namba kichwani, kisha akifika kwa mteja anapanda yeye mwenyewe juu ya mizani. Mshale ukisema namba ileile, mizani ni nzima.

“Nilikuwa jiwe linalotembea,” anasema, na anacheka kidogo.

Siku moja, kwenye ghala la nafaka, mshale ulipita namba yake. Gramu akamwambia mwenye ghala kuwa mizani ina kasoro, akaanza kutafuta bisibisi. Mwenye ghala, mtu wa utani, akamzuia. “Fundi, mizani yangu haina neno. Jiwe lako ndilo limenenepa.” Wapagazi wakacheka mpaka wakatua magunia. Gramu naye akacheka.

Lakini aliporudi karakana akahakikisha, na ilikuwa kweli.

“Jiwe linalobadilika si jiwe,” anasema. “Niliona aibu kama fundi. Sikukumbuka kwamba mimi ni mtu, na mtu hubadilika. Hapo ndipo nilipopotea.”

Alianza kwa kuacha chakula cha jioni ili arudi kwenye namba yake. Akarudi. Kisha akataka ashuke kidogo chini yake, asije akashtukizwa tena. Kisha kidogo zaidi. Akawa anatembea na mizani ndogo ya sonara kwenye mfuko wa shati, kama wengine wanavyotembea na miwani. Nyumbani aliitoa mezani, akapima kipande cha mkate, kiazi kimoja, kijiko cha maharage. Kilichozidi alikirudisha chunguni mbele ya watu.

Mkewe, keshia katika duka la vifaa vya ujenzi, anaikumbuka miaka ile kwa sauti ya chini. “Nilikuwa napika kwa ajili ya watu watatu. Tunakula wawili, wa tatu anapima.”

Kilichomuumiza mke zaidi ni kwamba kabla ya hapo mpishi hodari wa nyumba ile alikuwa Gramu mwenyewe. Tangu ujana wake alipenda jiko. Siku za mapumziko alimfukuza mkewe jikoni kwa mzaha, akakata vitunguu huku akiimba vibaya. Mkewe anasema alimpenda kwa pua kwanza, macho yakafuata. Lakini mafuta yalianza kumtisha. Akaacha kukaanga, akaacha kuunga, akaacha hata kuingia jikoni. Sufuria yake kubwa ikageuzwa ya kufulia matambara.

Watu hawakukosa la kusema. Wengine walimhurumia kwa kudhani ana maradhi ambayo hayatajwi, wengine wakamshauri mkewe atafute mganga. Yeye alisema ni kazi nyingi. Alipoanguka sokoni, sanduku la mawe mkononi, alisema ni jua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Gramu alikuwa anakaribia kuumbuliwa.

Aliyemzuia ni binti yake, aliyekuwa na miaka minane.

Jioni moja Gramu alitoka kuoga akamkuta mtoto jikoni, amesimama juu ya kigoda. Ameweka kipande chake cha mkate juu ya mizani ya sonara. Anautazama mshale, anamega ukingo, anautazama tena. Alipomwona baba yake hakushtuka. Aliuliza tu, kwa adabu, kama mwanafunzi anayeonyesha daftari.

“Baba, mshale sasa umekaa sawa?”

Gramu anaposimulia hapa anaiweka chini bisibisi. Anasema ameona mizani elfu nyingi zikidanganya watu, lakini hajawahi kuona uongo ukimwingia mtoto waziwazi namna ile. “Nilitaka kumwambia ale. Nikaona sina mdomo wa kumwambia hivyo.”

Kesho yake alikwenda hospitali. Daktari alimwambia kuwa anachougua ni ugonjwa wa ulaji, kwamba unawapata hata wanaume, hata mafundi, na kwamba unatibika, ila polepole. Mizani ya sonara ilirudi kwa sonara. Hospitalini alipimwa akiwa ameupa mshale mgongo, asione namba. Kwa mtu wa kazi yake hiyo ilikuwa mateso. Mara ya kwanza alisikia springi ikilia, akamwambia muuguzi kuwa mizani yao imelegea. Muuguzi akamjibu kuwa hapa yeye ni mgonjwa, na fundi ataitwa.

Kula alianza kula, kama mtu anayemeza dawa. Jikoni hakurudi, mpaka alipokuja mama mkwe.

Bibi huyo alikuja kumtembelea bintiye kwa wiki mbili, akakaa miezi mitano. Mkwe na mama mkwe wana heshima yao. Bibi hawezi kumkaripia mkwewe, naye mkwe hawezi kumkatalia. Bibi akaitumia heshima hiyo bila huruma. Alikaa kwenye kiti jikoni, akalalamika kuwa mikono inamuuma, akaomba akatiwe vitunguu. Gramu akakata. Akaomba akorogewe. Gramu akakoroga. Kisha likaja ombi lenyewe.

“Baba, nionjee chumvi. Ulimi wangu umezeeka, hausikii tena.”

Kuonja si kula, ni kazi. Gramu akaonja. Alipouliza aongeze chumvi kiasi gani, bibi alijibu, “Kiasi.” Akauliza tena, kijiko kimoja au nusu? “Kiasi, baba. Unaonja, unaongeza, unaonja. Chakula kitakwambia chenyewe.”

Gramu anasema neno hilo lilimkera kwa wiki nzima. Fundi mizani aambiwe kiasi! Lakini siku hadi siku alionja, akaongeza, akaonja, na siku moja, akichochea maharage yaliyoungwa kwa vitunguu na nyanya, akajikuta ameonja mara ya nne, na chumvi ilikwishakolea tangu mara ya pili. Alionja kwa sababu yalikuwa matamu. Alisimama na mwiko mkononi, machozi yakamtoka, na bibi akajifanya anatafuta kitambaa chake chini ya kiti.

Ulimi wa bibi je, ulikuwa umezeeka kweli? Gramu anacheka, safari hii kwa sauti. “Mwandishi, ulimi ulionipa maagizo yale yote kwa miezi mitano? Nilijua tangu siku ya kwanza. Na yeye alijua kwamba ninajua.”

Bibi amekwisharudi kwake. Sasa Gramu hupika siku nne kwa wiki, mkewe siku tatu. Mizani za magunia anazijaribu kwa mawe ya chuma, amenunua mkokoteni wa kuyabebea. Hakuficha kwamba bado kuna siku mbaya. Mwezi uliopita alijipima karakana mara tatu kwa siku moja. Alimwambia mkewe jioni ile ile, na mkewe akamsindikiza kwa mshauri wake hospitalini. Daktari hamwambii kuwa amepona, humwambia kuwa anapona.

Ana mpango wa kulifanyia ukarabati jiko lake dogo, aweke meza ya watu wanne. Lakini tumaini lake kubwa ni la aibu kidogo, na alichukua muda kulitaja. Binti yake, ambaye sasa ana miaka kumi, bado anakula kwa kuibia macho sahani ya baba. Baba akila kidogo, naye kidogo. Akiacha, naye anaacha. Haombi kuongezewa. Gramu anataka mtoto huyo ale bila kumtazama yeye.

Saa kumi na nusu jioni, siku ya mwisho ya mazungumzo yetu, yuko nyumbani anakata viazi kwa kukadiria, vikubwa kwa vidogo. Mafuta yanachemka, vitunguu vinaanza kuwa vyekundu, na mtu aliye uani anaweza kunusa. Mlango unasukumwa. Binti anaingia kutoka shule, anatupa mkoba kwenye kiti, anamwamkia mgeni haraka haraka, kisha anakuja moja kwa moja jikoni na kuchungulia ndani ya sufuria.

“Nina njaa,” anasema.

Baba yake anachukua kiazi kingine. Katika miaka hii yote hajamsikia akisema hivyo. Kisha anajibu, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayezungumzia jambo la kawaida kabisa.

“Hata mimi.”