Pengo la Kuitikia

Nianze na ukweli unaoniuma: Zuhra Saburi ndiye aliyeniambia sijui kuimba, na alikuwa sahihi. Mwaka 2003 nilijiona msanii, nikaingia studio ya Mwalimu Octavian pale Nachingwea, chumba kimoja chenye trei za mayai ukutani na maiki iliyovishwa soksi ya kike. Zuhra alikuwa amekuja kufagia tu. Niliporudia ubeti mara ya tisa, alisimama na ufagio wake akasema taratibu, "Kaka Kaimu, sauti yako inaikimbia ngoma." Octavian, aliyewahi kufundisha kwaya Songea kabla ya kuhamia kwetu, akamgeukia yeye, mimi akanisahau. Wiki haikuisha Zuhra alikuwa ameketi mbele ya kompyuta.

Alijifunza kama mtu aliye ndotoni. Ungemkuta amefumba macho, hedifoni masikioni, chai imepoa pembeni. Zile trei zilimeza kelele zote za soko, naye aliniambia kwamba ukikaa kimya vya kutosha humo ndani, unasikia hata sauti zilizokwisha kuimbwa. Nilimcheka, nikamwambia hiyo ni njaa. Octavian alimfundisha kupanga kinanda, kupunguza mwangwi, na kukata sehemu zenye kimya. Hasa kukata. "Ukimya ni shimo," alizoea kusema. "Msikilizaji akitumbukia, hatoki."

Mwaka uliofuata bibi yake, Bi Sikuzani, aliletwa kutoka Mbekenyera kutibiwa koo. Huyu alikuwa mwanzilishi wa nyimbo za kutwanga, yule anayetangulia kuimba ili wenzake waitikie. Mtaani kwao hakuna mchi ulioshuka kabla hajafungua mdomo. Daktari alisema wazi kwamba sauti inaondoka na haitarudi. Siku hiyohiyo Zuhra alimshika mkono, akamketisha mbele ya maiki.

Wimbo wenyewe ni wa Kimwera, na maana yake ni nyepesi. Mwanzilishi humaliza kila mstari kwa kuuliza, "Mpo?" na wenzake huitika, "Tupo." Basi Bi Sikuzani aliuliza, akanyamaza, akatazama pale ambapo wanawake wangesimama, kisha akaendelea. Mara kumi na mbili aliuliza, na mara zote kumi na mbili alisubiri. Hakuimba tena baada ya hapo. Ndani ya wiki tatu sauti yake ikawa mnong'ono.

Zuhra alifanya kama alivyofundishwa. Alikata kila pengo, akatia kinanda, akahifadhi juu ya rekodi ile ya kwanza kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa, na iliyoijaza, nasikitika kusema, ni nyimbo zangu. Octavian alifurahi, akamwambia sasa wewe ni prodyuza. Bi Sikuzani alisikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni.

"Mjukuu wangu," alinong'ona, "huyu anauliza, hasubiri jibu. Watu wangu umewapeleka wapi?"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyu alikuwa nayo kifua kizima. Alilia, na sioni haya kusema kwamba nililia naye. Sauti ya bibi ilikuwepo, lakini urefu wa kila pengo ulikuwa umefutika, na hakukuwa na koo la kurudia. Alijaribu kurudisha sekunde mbili kila mahali. Bibi akawa kama mwalimu anayeita majina darasani, na Zuhra akaifuta hiyo nayo.

Siku ya nne alikuja studio na kinu na mchi. Octavian aliuliza kama siku hizi tunapika. Zuhra alinipa mchi na mahindi, akavaa hedifoni, akaniamuru nitwange. Akifumba macho vile, alikuwa Mbekenyera kabisa, uani kwa bibi yake, unga ukipaa kwenye jua. Ndipo akagundua kwamba wanawake hawaitiki mpaka mchi ushuke, na kadiri wanavyochoka, mchi unachelewa. Pengo la kwanza ni fupi, la mwisho ni refu. Nilitwanga mpaka mabega yakaniwaka, naye akapima kila pengo kwa uchovu wangu. Huo ndio mchango wangu pekee katika muziki, na ninaujivunia kuliko kanda zangu zote.

Aliondoa kinanda, akauhamishia wimbo kwenye kanda. Octavian alisikiliza wimbo wote, na habari za shimo hakuzitaja tena.

Mimi na Zuhra tuliondoka na gari la asubuhi la Ruangwa, tukafika Mbekenyera jua limekwisha kupasha mchanga moto, mimi nimepakata redio kaseti ya betri. Bi Sikuzani, ambaye alisharudi kwake, alikuwa ameketi uani kando ya kinu chake. Majirani wote walikuwa mashambani wakivuna ufuta. Zuhra alitaka tungoje warudi, bibi akatikisa kichwa. Kanda ikazunguka. Sauti yake ikatoka, nzima kabisa, ikapita juu ya ua ule mtupu, ikauliza, "Mpo?"

Kimya. Zuhra alinishika mkono. Bi Sikuzani maisha yake yote alikuwa mtu wa kuuliza. Sidhani kama aliwahi kuitika hata siku moja. Aliinua kidevu, akaitazama redio.

"Nipo," alinong'ona.

Mstari wa pili tuliitika watatu.